Kuandika Historia ya Mtaa Wenu: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, aliteremka Lindi akapanda bara hadi Masasi na Newala akiwa na mashine ya kurekodi sauti kwenye silinda za nta. Alirekodi nyimbo, akakusanya vinyago na vyombo vya nyumbani, akaondoka navyo. Miaka mitatu baadaye ikaanza kazi ya kuchimbua mifupa Tendaguru, kilima kilichoko bara ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 za mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin hadi leo. Boheti bin Amrani, aliyesimamia kazi ya kuchimbua na kuandaa mifupa hiyo, ni mmoja wa watu wachache wa huku ambao majina yao yaliandikwa. Maelfu ya wengine hawatajwi popote.

Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo msingi wa mwongozo huu wote. Mradi wa historia ya mtaa au kijiji upangwe tangu siku ya kwanza kwa namna ambayo kinachokusanywa kinabaki kwa wenyewe, kwa lugha yao, mahali wanapoweza kukifikia. Wataalamu wakaribishwe, wafadhili wakaribishwe, lakini sauti ya mzee wa Mikindani isihitaji nauli ya ndege ndipo mjukuu wake aisikie.

Hatua ya kwanza: eneo dogo, swali moja

Msianze na "historia ya Mtwara". Chukueni eneo ambalo mtu mzima analizunguka kwa miguu asubuhi moja: Magengeni ya Mikindani, mtaa mmoja wa Lindi mjini, upande mmoja wa Kilwa Kivinje, au kijiji kimoja kilichopitiwa na reli ya zamani ya Mtwara na Nachingwea.

Kisha tafuteni swali ambalo wakazi wana majibu yake kuliko mtu mwingine yeyote. Mikindani kila mgeni anaelezwa kwamba Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866, na kwamba Boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895. Hayo yameshaandikwa mara nyingi. Lakini mawe ya matumbawe ya nyumba zile za mjini yalivunjwa wapi? Nani alichoma chokaa? Nyumba fulani ilikuwa ya nani, ikauzwa lini, na kwa nini sasa ni gofu? Mwanahistoria hawezi kuyajibu hayo akiwa amekaa Dar es Salaam. Anayajua bibi anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapo.

Nachingwea nayo imejaa maswali ya namna hiyo. Mpango wa karanga wa Waingereza, kuanzia 1947 hadi ulipoachwa 1951, ulileta matingatinga, reli na hata bandari ya Mtwara. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wakapata mafunzo huko huko. Vitabu vinaeleza mipango na viongozi. Ulizeni mashamba yalikuwa ya nani kabla ya tingatinga kupita, waliofyekewa walihamia wapi, na wapiganaji wale waliishije na wanakijiji: walinunua wapi unga, walicheza ngoma gani pamoja, walioa kwa nani.

Swali moja linatosha kwa mwaka wa kwanza. Mengine yatajileta.

Hatua ya pili: kubisha hodi

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mwende kwa mtendaji, kisha mtendaji wa kata, halafu afisa utamaduni wa halmashauri. Barua iwe ya ukurasa mmoja: sisi ni nani, tunataka kuuliza nini, tutarekodi vipi, nakala zitakaa wapi. Ombeni barua ya utambulisho na kila mhojaji atembee na nakala yake.

Kwetu hatua hii ina uzito wa pekee. Tangu habari za gesi zipambe moto, hadi maandamano ya Mtwara ya 2013, watu wameona wageni wengi wakija na madaftari, na wameona viwanja vikibadilisha mikono haraka. Mkichora ramani inayoonyesha makaburi na mipaka ya mashamba ya zamani, kuna atakayeamini mnapima ardhi. Kwa hiyo semeni wazi kwenye mkutano wa hadhara kwamba mradi hauamui mgogoro wa ardhi wala hautoi ushahidi wa mipaka. Lisemeni tena mnapoingia kila nyumba. Na mkigundua kwamba mtu anataka kuutumia mradi kushinda kesi ya shamba, sehemu hiyo iacheni kabisa.

Msiishie ofisini. Imamu, padri au mchungaji, makungwi, wakuu wa ngoma na viongozi wa chama cha msingi cha korosho wote wapate taarifa kabla kazi haijaanza. Nyakanga, yaani kungwi mkuu, akisikia habari zenu kwa mtu mwingine, milango ya nusu ya wanawake wa kijiji imefungwa.

Hatua ya tatu: kikundi chenyewe

Watu saba hadi tisa wanatosha. Awemo mwalimu, wawemo vijana wawili watatu wanaojua kutumia simu vizuri, awemo mtu mwenye mwandiko mzuri, na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote. Wanawake wawe angalau nusu, na hapa sikubali mjadala. Kikundi cha wanaume kitarudi na vita, viongozi na mipaka. Wanawake wakihoji wanawake, mtasikia jinsi familia zilivyopita miaka ya njaa, nani alijua ming'oko, viazi vya mwituni, ilipopatikana porini na jinsi ya kuichimba bila kuua mmea, watoto walizalishwa na nani kabla ya zahanati kujengwa, na mwanamke aliyeachwa alirudi kwao na nini mkononi.

Andikeni katiba fupi ya kikundi na mkajisajili kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Mkiwa na akaunti ya benki iwe na watia sahihi zaidi ya mmoja, na matumizi yasomwe mbele ya wanachama kila robo mwaka. Gharama kubwa ni nauli, vocha, flashi, uchapaji, na chai ya wazee.

Hatua ya nne: makubaliano na wanahistoria

Mnawahitaji. Wanajua kupima ushahidi na kusoma nyaraka za Kijerumani na Kiingereza, na wanajua yapi yamekwisha kuandikwa. Gongeni milango ya Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo cha Stella Maris hapa Mtwara, Makumbusho ya Taifa, Idara ya Mambo ya Kale, na klabu za historia za sekondari zilizo karibu.

Kuna mfano mzuri wa nyumbani. Mwaka 1968 chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilituma wanafunzi kuhoji wazee kuhusu Vita ya Maji Maji, iliyoanzia Nandete katika vilima vya Wamatumbi, Julai 1905. Mtu aliyekuwa na miaka kumi wakati ule wa vita alikuwa na miaka 73 walipomfikia. Wangechelewa miaka kumi na mitano zaidi, wangekuta makaburi. Leo aliyekuwa kijana wa miaka ishirini reli ilipofika Mtwara mwaka 1954 amevuka miaka 90. Ndivyo muda unavyokwenda.

Makubaliano yawe ya maandishi na yaseme mambo machache bila kuzunguka. Rekodi asilia zinabaki kijijini, mtaalamu anachukua nakala. Anachokiandika kinasomwa kwa Kiswahili mbele ya kikundi kabla ya kuchapishwa. Wahojaji wa kijijini wanatajwa kwa majina. Mtafiti kutoka nje ya nchi anaonyesha kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kabla ya kukaa barazani. Mtaalamu atakayekubali kukaa siku mbili kuwafundisha vijana wenu kuhoji, mshikeni. Anayetaka tu orodha ya wazee na namba zao za simu, muageni kwa heshima.

Hatua ya tano: ramani na mtiririko wa miaka

Waiteni wazee wanane au kumi chini ya mti, mtandaze karatasi za manila zilizounganishwa kwa gundi, na muombe wachore kijiji kilivyokuwa walipokuwa watoto. Kalamu wapewe wao. Visima, mibuyu, njia za kwenda bandarini, misikiti iliyobomoka, viwanja vya ngoma, duka la kwanza. Watabishana, na ubishi huo ni mali: rekodini mazungumzo yote wakati wanachora. Mkimaliza, pigeni picha ramani ikiwa kavu, kisha vijana waitembee njia kwa njia pamoja na mzee mmoja anayeweza kutembea.

Siku hiyo hiyo tengenezeni orodha ya matukio ya kupimia miaka, kwa kuwa wazee wengi hawakumbuki tarehe bali wanakumbuka walikuwa na umri gani jambo lilipotokea. Mapigano ya Mahiwa Oktoba 1917, ambayo wazee wa leo waliyasikia kwa baba zao. Kimbunga kilichoipiga Lindi 1952. Uhuru 1961. Lindi kuwa mkoa na kutengana na Mtwara 1971. Kuhamia vijiji vya ujamaa. Vita ya Kagera, 1978 na 1979. Daraja la Mkapa pale Rufiji, 2003. Ukimuuliza mama, "Kimbunga kilipopiga ulikuwa umeshaolewa?" mwaka wa harusi yake unakaribia kupatikana.

Hatua ya sita: mahojiano

Hapa ndipo mradi unapofaulu au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chagueni majira. Kuanzia Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye mikorosho na akili iko kwenye mnada. Mwezi wa Ramadhani mzee amechoka mchana na ana ibada usiku. Siku za kawaida, baada ya alasiri ni wakati mzuri pwani: kazi zimepungua, jua limelegea, baraza ina kivuli. Mahojiano ya saa moja yanatosha. Ni bora kurudi kwa mtu mmoja mara tatu kuliko kumchosha siku moja, na mara ya pili ndipo watu wengi husema walichokuwa wamekificha.

Vifaa ni simu yenye nafasi ya kutosha, iliyochajiwa na kuzimwa mtandao ili isikatizwe na simu inayoingia. Iwekwe juu ya kanga iliyokunjwa, karibu na mdomo wa msemaji, upande usiopigwa na upepo wa bahari. Rekodini dakika moja, msikilize, ndipo mwendelee. Jogoo na pikipiki hamtawaweza.

Wahojaji waende wawili: mmoja wa kuuliza, mmoja wa kuandika majina, maneno ya kilugha na mambo ya kurudia. Mwanzo wa rekodi useme tarehe, mahali, jina la mzee na majina yenu. Hebu tuone tofauti ya maswali mawili. Kijana anakaa, anasema:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Za kwenu?"

"Njema babu. Tunaomba utueleze historia ya reli."

Mzee atasema reli ilijengwa na Wazungu, ikafungwa, basi. Amejibu kama anavyodhani shule inataka. Sasa kijana aulize hivi: "Babu, treni ikija mliisikia mkiwa wapi? Ilibeba nini siku hizo? Wewe uliwahi kupanda?" Hapo mzee ananyoosha mkono kuonyesha upande ilikotokea, anataja magunia, anamtaja ndugu yake aliyefanya kazi ya kutandika mataruma, anakumbuka alilipwa nini na alikula wapi. Kila jibu linazaa swali. Swali zuri linaomba kitu kinachoonekana, kinachosikika, kinachoshikika.

Baada ya swali, nyamazeni. Vijana wengi wanaharibu hapa: mzee akinyamaza kidogo, wanarukia swali jingine, kumbe alikuwa anakusanya kumbukumbu. Hesabuni kimoyomoyo hadi kumi. Wala msimsahihishe. Akisema Maji Maji ilikuwa kabla ya babu yake kuzaliwa na nyinyi mnajua sivyo, andikeni pembeni, mlinganishe baadaye na wengine. Wazee wawili wakipingana, yaandikwe yote mawili na kila moja na msemaji wake.

Kama mzee anasema vizuri zaidi kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua au Kimatumbi, aseme hivyo. Tafsiri mtaifanya baadaye, na maneno ya asili yabaki kwenye maandishi.

Kuna mambo mawili ya kushika kwa mikono miwili. La kwanza ni utumwa. Kilwa Kivinje na Mikindani zilikuwa bandari za biashara hiyo, Masasi ilianza mwaka 1876 kama makazi ya watu waliokombolewa chini ya misheni ya Kianglikana, na katika familia nyingi watu wanajua nani alitoka upande gani ingawa hawasemi hadharani. Msiulize asili ya jirani. Muulizeni mtu habari za ukoo wake tu, na akitaka sehemu fulani ifutwe, ifuteni mbele yake.

La pili ni jando na unyago. Yapo yanayoonekana na kila mtu: siku ya kutoka, nguo, ngoma, chakula, nani alialikwa. Yapo mafundisho ya ndani ambayo si ya kila sikio. Mwenye kuamua mpaka uko wapi ni nyakanga na makungwi, na mkiambiwa basi, zimeni simu.

Ridhaa iombwe kabla na ithibitishwe baada ya mzee kusikia sehemu ya rekodi yake, kwa sahihi au dole gumba. Mpeni nafasi ya kuchagua: iko wazi kwa wote, ni ya kijijini tu, au ifungwe mpaka atakapofariki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai ridhaa hata hivyo, lakini hata bila sheria ndiyo adabu.

Je, alipwe? Msilipie simulizi, kwa sababu ikilipiwa inarefuka. Nendeni na sukari na majani ya chai, mlipieni nauli mnapomwita, na mrudi kumwona akiugua.

Hatua ya saba: picha, karatasi na vitu

Sandukuni mwa watu kuna picha za harusi, kadi za TANU, stakabadhi za korosho, vyeti vya kazi kutoka bandarini. Msiondoke na kitu. Pigeni picha hapo hapo, kivulini bila mwanga wa flashi, mbele na nyuma, na mwandike waliomo kutoka kushoto kwenda kulia huku mwenyewe akiwataja. Kama kuna barua au vitabu vya herufi za Kiarabu, mtafuteni mwalimu wa madrasa anayezisoma. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo muda mrefu kabla ya shule za kikoloni. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Wayao, alimwandikia kamanda wa Kijerumani Wissmann barua ya Kiswahili akikataa kuwa chini yake. Haiwezekani ikawa ndiyo barua pekee iliyoandikwa huku.

Nje ya nyumba, tazameni vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, daftari za chama cha msingi, na kitabu cha kumbukumbu cha shule kongwe. Mmoja wenu aende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako kuna mafaili ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya wakuu wa wilaya wa Kiingereza. Aende na maswali yaliyotoka kwenye mahojiano, maana bila maswali atazama kwenye makaratasi.

Vigae, shanga, sarafu na magofu ni habari nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo na vitu vya kabla ya 1863, na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Msichimbe, msiokote. Pigeni picha kitu kikiwa pale pale, mtoe taarifa ofisi ya kijiji na Mambo ya Kale. Kigae kikiondolewa udongoni bila kumbukumbu ya mahali kilipolala, mwanaakiolojia hana tena cha kukiuliza.

Hatua ya nane: kuhifadhi

Jioni ile ile ya mahojiano, hamisheni faili na mliite kwa mpango mmoja: mwaka, mwezi, siku, mtaa, namba ya mahojiano. Daftari moja kubwa liwe na orodha yote, nani alisema, nani alihoji, ridhaa gani ilitolewa. Nakala ziwe tatu: moja kwenye diski inayokaa shuleni, moja kwa mwanakikundi anayeishi mji mwingine, moja kwa taasisi mliyokubaliana nayo. Unyevu na chumvi ya pwani huua flashi na karatasi, kwa hiyo fungueni na mkague kila baada ya miezi sita.

Kunukuu, yaani kuyaandika maneno ya rekodi, kunachosha. Saa moja ya sauti inaweza kula saa tano au zaidi za mwandishi. Gawaneni, na mahojiano yaliyo bora yaanze.

Hatua ya tisa: kurudisha

Kabla ya kuchapa chochote, wakusanyeni wakazi jioni moja na kipaza sauti, mcheze vipande vya rekodi na msome rasimu. Mtasahihishwa majina ya koo, miaka, na nani alikuwa wapi. Mtu aliyekataa kuhojiwa mwanzoni mara nyingi hujitokeza usiku huo, kwa hiyo simu za kurekodi ziwe tayari.

Kisha chapeni kijitabu chepesi cha kurasa arobaini hivi, kwa Kiswahili, chenye ramani ya wazee katikati. Nakala za kwanza ziende kwa waliohojiwa, wakabidhiwe mikononi nyumbani kwao. Za pili ziende shuleni: walimu wa somo la Historia ya Tanzania na Maadili wanahitaji mifano ya karibu, na mtoto wa Mikindani akisoma habari za kisima anachochotea maji atasoma hadi mwisho. Redio jamii itapokea vipande vya dakika tano tano kwa furaha. Mkiweka vibao kwenye majengo ya kale, maneno yaandikwe na wakazi na mwenye nyumba aridhie.

Weka nakala moja ya kijitabu, daftari la orodha na diski katika ofisi ya mtaa, viandikwe kwenye orodha ya mali za ofisi, ili mtendaji anapohamishwa avikabidhi kwa anayefuata pamoja na mhuri na mafaili.